Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vyote: meza kuu haina rangi, rangi iko koridoni kwetu

Fundi simu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Agosti 2025

Kwa Wenyeviti na Makatibu Wakuu wa vyama vya siasa,
kilichoko madarakani na visivyoko,
Tanzania.

YAH: KUULIZWA RANGI YANGU KILA UCHAGUZI UKIKARIBIA

Waheshimiwa,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Shikamooni wale mnaostahili, wengine za saa hizi.

Mimi ni fundi simu hapa Kariakoo upande wa Aggrey, nina miaka 41, nakaa Mbagala Rangi Tatu na jina la mtaa msilicheke maana barua yenyewe inahusu rangi. Nimeanza na simu za batani za tochi, sasa nabadilisha skrini, naflashi, natengeneza mfumo wa chaji, nina meza moja kwenye korido ya ghorofa na stuli mbili, moja yangu moja ya mteja. Sina chama. Nilishawahi kupewa kadi za vyama viwili bure ndani ya wiki moja ya kampeni, moja ilikuwa ya plastiki ngumu nzuri sana ya kubandulia skrini na mpaka leo natumia.

Kabla sijaja hadharani nimefuata ngazi, msiseme sikufuata. Barua ya kwanza nilipeleka mwaka jana ofisi ya serikali ya mtaa, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na safari yake ikaishia kwenye huo muhuri. Ya pili nilipeleka ofisi ya chama ya wilaya, dada wa mapokezi akaniuliza wewe ni wa tawi gani, nikamwambia mi si mwanachama, akasema basi lete barua ya utambulisho ya balozi wako wa nyumba kumi, na huyo balozi ni wa chama kilekile ambacho nimetoka kumwambia mi si mwanachama wake. Ya tatu nikapeleka kwa wapinzani. Wale walinisikiliza vizuri kweli, wakaninunulia na soda, wakasema hili tutalibeba jukwaani, nikawaambia sitaki kubebwa jukwaani, nataka muende na mimi ofisini kwa yule afisa wa mikopo wa halmashauri, wakasema kamanda, siasa haiendi hivyo. Nikanywa soda yangu nikaondoka.

Kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja, kila mmoja atachukua panapomhusu.

1. UKAGUZI WA KORIDO

Mwezi Julai serikali imetoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, za jumla na rejareja, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, saluni, kutengeneza simu na nyinginezo. Na niseme ukweli, sisi Kariakoo tuliishangilia. Mgeni ana kiwanda kwao, analeta kontena, anauza jumla, anauza rejareja, halafu anaweka na kijana wa kubadilisha skrini palepale mlangoni, sisi tubaki tunafuta vumbi? Amri inasema mgeni akikamatwa faini kuanzia milioni 10, na raia anayemfichia mgeni biashara faini milioni 5 au jela miezi mitatu. Safi kabisa, sina ugomvi nayo.

Ila wiki iliyofuata wakaja wakaguzi kwenye korido yetu, watu watano, wawili nawafahamu kwa sura maana huwa wanabeba spika kwenye mikutano yenu. Wamepita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, hawajauliza mtu. Walipofika kwangu wakasimama. Kesi ni nywele, nywele na pua. "Wewe uraia wako ukoje?" Nikatoa NIDA, kitambulisho cha taifa. Wakasema NIDA siku hizi kila mtu anayo. Nikawaongelesha Kizaramo cha bibi yangu, mmoja akacheka akasema Wahindi hawa wanajua lugha zote. Nikapelekwa ofisi ya mtaa nikakaa kwenye benchi saa mbili na nusu huku simu saba za wateja ziko mezani zimepasuliwa matumbo, mpaka mdogo wangu alipotoka Mbagala na cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba, na foleni ya Kilwa Road mnaijua. Samahani sikuambiwa. Nilichoambiwa ni "ungekuwa unajichanganya na wenzio tungekufahamu", na kujichanganya kwa lugha ya pale maana yake ni kuhudhuria vikao.

Sasa juu ya korido yetu, ngazi moja tu, kuna fremu tatu zimevunjwa kuta zikawa duka moja, kila winga Kariakoo, yaani dalali wa kuleta wateja, anajua mwenye mali ni nani na kwao ni wapi, ila leseni ina jina la kijana wa Kitanzania ambaye anaonekana mwisho wa mwezi, anachukua chake, anasepa. Wakaguzi walipanda pale wakakaa dakika kumi wakashuka wameshika maji ya baridi. Huyo kijana ni mtoto wa mtu mkubwa tu kwenye chama, na faini ya milioni 5 iliandikwa kwa ajili yake, haikuandikwa kwa ajili ya nywele zangu.

2. RANGI YENYEWE

Hii itakuwa ndefu mnivumilie.

Babu mzaa baba alikuwa Mkachi, yaani Mhindi wa Kachi, alikuwa na duka la mabati Kisarawe, anauza sukari, mafuta ya taa na kanga kwa mkopo, na wengi hawakulipa. Bibi ni Mzaramo wa hukohuko. Bibi alikata kadi ya TANU katikati ya miaka ya 50, enzi hizo Bibi Titi Mohamed anapita kwenye vikundi vya ngoma za kina mama kuwaingiza chamani. Babu hakuruhusiwa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa chama cha Waafrika, wengine walifunguliwa mlango 1963, kwa hiyo nyumba moja, kitanda kimoja, mke ana kadi mume hana, na huyohuyo mume ndo anayempa mke nauli ya kwenda kwenye mikutano mjini. Ulipofunguliwa mlango babu alikata kadi haraka kama vile wataufunga tena. Tunayo mpaka leo, imetunzwa na sanduku la bibi, imekuwa laini kama kitambaa.

Hamtanisikia nikisema TANU walikuwa wabaya. Nachosema ni kwamba wale wazee ishu ya rangi walibishana nayo uso kwa uso. Tabora mwaka 1958 walikaa wakabishana kuhusu ile kura tatu ya mkoloni, kwamba mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, kina Nyerere wakasema tuingie hivyohivyo tushinde tukiwa ndani, Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha chama chake cha kusema Afrika ni ya Waafrika. Ukimuunga mkono unajua unaunga nini. Oktoba 1961 Bungeni kwenye mjadala wa sheria ya uraia wapo waliotaka uraia uende kwa rangi, Nyerere akawaambia wakilipitisha hilo serikali yake inajiuzulu. Mwaka 1962 yeye na Mtemvu wakapambana kwenye kura ya urais na watu wakaamua, Mtemvu akapata kura za kuhesabu kwa vidole. Na baadaye watu wa Morogoro walimchagua Amir Jamal wakijua fika ni Mhindi, hakujipaka masizi ili wampende.

Hata 1971 zilipotaifishwa nyumba za kupangisha za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, waliochukuliwa wengi walikuwa Wahindi na kuna waliohama nchi na kinyongo hawajakitua hadi leo, sibishani nao, lakini sheria haikuandika Mhindi, iliandika thamani. Sisi hatukuguswa. Kibanda cha Kisarawe na bidhaa zake zote na paka wake kisingefika hata robo ya hiyo hela. Umaskini ulitusaidia mara moja hiyo tu.

Nyie mlikuja vingine. Vyama vingi vilirudi 1992 na ndo mwaka niliojua kwamba mimi ni gabacholi, tusi la Mhindi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Mchungaji Mtikila yuko majukwaani hapa Dar anaongelea walalahoi na magabacholi, yaani masikini ni mweusi na mwizi ni Mhindi basi, na mwanzoni mwa 1993 mawe yakarushwa kweli mjini, mama akatufungia ndani siku mbili. Baba alikuwa dereva wa lori, analala kwenye lori wiki nzima, halafu mtoto wake anaitwa gabacholi na mtoto ambaye baba yake ana nyumba tatu Sinza. Na wala msidhani upande wa pili kuna afadhali, ndugu za babu wa Upanga mtu mweusi wanamuita golo, na mimi kwao ni golo mwenye nywele nzuri. Nimetukanwa na pande zote, uzoefu ninao.

Na huyohuyo Mtikila, Mungu amrehemu, nitamrudia chini kwa jambo la heri, kwa hiyo msinifanye kama nina chuki naye.

Mwaka 2023 ikaja ya bandari. Bunge limepitisha ule mkataba wa serikali na Dubai tarehe 10 Juni, watu wana maswali ya maana kabisa, mkataba unaisha lini, ukitaka kutoka unatokaje, wafanyakazi wa bandarini wataenda wapi, na mimi nilikuwa natega sikio nisikie vyama vitafafanuaje maana mzigo wangu wa skrini unapita palepale. Nikasikia nini? Waarabu. Waarabu wanatununua, Mzanzibari anauza Tanganyika. Swali la kifungu likageuka swali la ndevu. Pale mtaani kwetu kuna mzee wa Kimanga, Mwarabu, anauza kahawa na kashata tangu mi sijazaliwa, vijana wakawa wanapita wanamuuliza "mzee bandari umetuuzia shilingi ngapi", wanacheka, na yeye anacheka, ila wiki ya pili akahamisha birika lake. Waliosaini wamekaa wameridhika kwa sababu wanaopinga wanagombana na muuza kahawa.

Mkinipanga kwenye rangi mnanipa mtu wa kumchukia anayekaa karibu, naye anapewa mimi, na hapo hatuna muda tena wa kuangalia nani kakaa meza kuu.

3. MIKOPO YA ASILIMIA 10

Hii ndo iliyonifanya niandike barua ya kwanza. Sheria inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Hela hiyo haitoki kwenye mfuko wa chama chochote. Inatoka kwenye ushuru, leseni, maegesho, ile risiti ninayokatwa mimi na mama ntilie wa pale chini.

Mafundi wa korido tuliunda kikundi, katiba tukaandika, akaunti tukafungua, tukachangishana hela ya kuchapa. Ile tunajipanga tu, Aprili 2023 mikopo yote ikasimamishwa nchi nzima, wakasema wanaweka utaratibu mpya, na kusimamisha kulikuwa na sababu maana ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilishaonyesha mabilioni hayajarudi na vikundi vingine havipo. Sawa. Mwaka 2024 ikarudi, na sisi tukarudi na faili letu. Yule afisa akalipokea, akasoma majina, akafika kwenye langu akasema "na Mhindi naye anataka hela ya wanyonge?" watu wakacheka ofisini. Nikamvumilia. Kisha kijana mmoja aliyekaa pembeni ambaye wala si mtumishi wa halmashauri akauliza, "kadi mnazo?" Kati yetu saba wanne walikuwa nazo, watatu hatuna. Akasema basi mkajipange.

Tumejipanga mpaka leo. Kikundi kingine cha vijana ambao kazi yao tunaijua, ni kupiga picha na viongozi na kuandika "mama anaupiga mwingi" kwenye simu ambazo mimi ndo nazitengeneza, hao walisajiliwa baada yetu wakapata kabla yetu. Wanajiita hamasa. Mtaani tunawaita chawa.

Ukiangalia ni mchezo uleule wa kitambulisho cha machinga. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya shilingi 20,000, ukiwa nacho husumbuliwi, watu wakalipa, wakavivaa shingoni wakapiga navyo picha, na Oktoba 2021 wakaambiwa wapishe barabara na kitambulisho shingoni. Nani aliwatetea? Chama kimoja kilisema ni maagizo, kingine kilisema tuliwaambia. Tuliwaambia! Mtu amevunjiwa meza unamwambia tulikuambia.

Na kwenye afya nitapita haraka maana hasira zitanipanda. Kulikuwa na kadi ya bima ya mtoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto wangu wa pili ana pumu nikamkatia, 2023 wakasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote na mkaipigia makofi. Mke wangu aliniuliza "kwa wote" hao ni akina nani, nikamwambia subiri.

4. MEZA KUU

Tarehe 12 mwezi huu chama tawala kimefanya harambee Mlimani City, lengo likatangazwa bilioni 100 za kampeni, na usiku huohuo zikatajwa zaidi ya bilioni 80 taslimu na ahadi. Niliangalia kwenye simu ya mteja, nilikuwa najaribu skrini mpya kama rangi zinatoka sawa. Zilitoka sawa. Kwenye zile meza za mbele niliona rangi zote, weusi, Wahindi, Waarabu, wanakumbatiana, wanacheka, hakuna aliyeambiwa atoe cheti cha kuzaliwa cha baba yake. Nilimwambia mteja ona, kumbe inawezekana.

Sina neno na tajiri kuwa tajiri wala Mhindi kuchangia chama. Swali langu anayeweka mabilioni mezani anategemea kupata nini, kwa sababu mimi nikiweka 200,000 kwenye mzigo wa skrini najua nategemea nini.

Kwenye Azimio la Arusha la 1967 kiongozi wa chama alikatazwa kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya mtu, kupokea mishahara miwili, kuwa na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 mkakaa Zanzibar mkailegeza ile miiko, kabla hata vyama vingi havijarudi. Labda ilikuwa imebana mno, sawa, mtu kuwa na chumba cha kupangisha Tandika si dhambi. Lakini mlipoilegeza mliweka nini badala yake? Mwaka huu fomu ya kuomba ubunge ndani ya chama imeuzwa 500,000, ya udiwani 50,000, maelfu wakachukua, na baada ya hapo yanaanza yale ya wajumbe ambao nchi nzima inajua sio watu wazuri, bahasha zinatembea usiku, asubuhi jina lako limekatwa huko juu na hela imeliwa huku chini. Tuna usemi mtaani, chama kina wanachama na kina wenye chama. Mwaka 2000 mliwahi hata kuihalalisha kwa jina zuri la takrima mpaka Mahakama Kuu ikaifuta 2006.

Wapinzani msicheke, nakuja kwenu.

Septemba 2007 nilikuwa kwenye mkutano wenu viwanja vya Mwembeyanga. Nilitembea kwa mguu kutoka Tandika kijana wa miaka 23, nikamsikiliza Dk. Slaa wa Chadema anasoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia kwenye siasa, kwa mara ya kwanza mtu kataja majina badala ya kutaja rangi. Julai 2015 mkampokea Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka chama tawala na aliyekuwemo kwenye orodha ileile, mkampa bendera ya kugombea urais, mkatuambia kama kuna mwenye ushahidi aende mahakamani, maneno yaleyale ambayo mlikuwa mnaambiwa nyie. Mimi nilimpigia kura nisiwafiche. Machi 2019 akarudi zake alikotoka, marehemu sasa, apumzike kwa amani, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kurudi Mwembeyanga kutuambia lile lilikuwa nini. Katikati hapo wabunge na madiwani wenu wakawa wanahama kwa mafungu "kuunga mkono juhudi". Halafu wale kina mama 19 wa viti maalum, waliapishwa Novemba 2020, chama kikasema hakikuwapeleka na kikawafukuza, na Bungeni wakakaa mpaka muhula ukaisha. Katiba inasema huwezi kuwa mbunge bila chama, ila kumbe kuna wanaoweza.

Na nyie ambao tume iliwaweka nje ya uchaguzi mwaka huu baada ya kutosaini zile kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili, poleni, na sisemi kwa kejeli. Karatasi ya kura ikipungua anayepunjwa ni mimi niliyetembea kwa mguu.

5. KULAZIMISHWA KUWA NA CHAMA

Sasa turudi kwa Mtikila. Mtu aliyefanya mama anifungie ndani ndo huyohuyo aliyekwenda mahakamani kudai mtu agombee bila chama. Alishinda Mahakama Kuu miaka ya 90, Katiba ikabadilishwa ili ushindi ule usiwe na kazi. Akarudi, akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikautengua 2010 ikasema hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, Juni 2013 ikasema Tanzania inavunja haki za watu wake. Miaka 12 sasa. Ibara za 39 na 67 zinasema vilevile, chama au ukae nyumbani.

Nimekaa nikafikiri mbona nyie vyama ambavyo hamkubaliani hata saa ngapi mkutano uanze, hili mmelinyamazia kwa pamoja namna hii. Majukwaani mnaligusa, mkitoka hapo basi. Najua sababu. Mgombea asiye na chama hakatwi jina na mtu, hanunui fomu kwenu, haleti wapambe wake kwenye ruzuku yenu.

NAJUA MTAKACHOJIBU

Mtasema sheria ya vyama inakataza chama cha rangi, dini au kabila. Inakataza kwenye karatasi ya usajili, jukwaani hakuna msajili. Mtasema waliofanya ukaguzi ni serikali na si chama. Basi mniambie wale wabeba spika walitumwa na idara gani. Mtasema kadi haihitajiki kwenye mikopo ya asilimia 10, na mko sahihi, nimesoma, haihitajiki popote, ndo maana nimeandika. Mtasema kampeni ni gharama. Hata skrini ni gharama, ila mteja anapewa risiti.

Wengine mtasema nimetumwa. Au mtaniambia rudi kwenu. Nikirudi kwetu ni Kisarawe, gari la Gongo la Mboto linanifikisha karibu.

NINACHOOMBA

a) Orodha ya waliochangia kampeni, jina na kiasi, ibandikwe ukutani mbele ya kila ofisi ya chama ya wilaya kama yanavyobandikwa majina ya wapiga kura. Vyama vyote. Hata kile kilichochangiwa trei la mayai.

b) Orodha ya vikundi vilivyoomba mkopo, tarehe vilivyoomba, na vilivyopata, ikae kwenye ubao wa serikali ya mtaa. Na vijana wenu watoke kwenye hizo ofisi.

c) Mgombea wenu yeyote atakayesema jukwaani Mhindi, Mwarabu, Mzanzibari, Mchina au mweusi kama tusi, mkate jina lake. Kukata majina mnajua, hilo nawaamini.

d) Kila chama kiseme kabla ya kura, kwa maandishi, kama kitapeleka hoja ya mgombea binafsi Bungeni au hakitapeleka. Ndiyo au hapana.

e) Amri ya Julai ianzie kwa waliokodisha majina yao kwenye leseni. Mkihitaji kuoneshwa duka, mawinga wapo, watawapeleka bure.

f) Mimi binafsi naomba mtu mmoja aje aseme samahani. Si lazima awe mkubwa. Na majibu ya barua zangu mbili za kwanza, au basi mnirudishie ile ya chama ya wilaya maana niliambatanisha cheti halisi cha kikundi badala ya kopi, kosa langu.

Napatikana kila siku isipokuwa Ijumaa mchana na Jumapili. Mkija kukagua tena, NIDA yangu iko kwenye droo ya juu, cheti cha baba kiko chini yake, na kadi ya babu ya mwaka 1963 nimeileta kutoka kwenye sanduku la bibi nimeifunika na ile plastiki ya kulinda skrini, mnaruhusiwa kuiangalia ila msiipinde.

Wenu,
Fundi simu, meza ya nne kushoto.

Nakala:
Ofisi ya serikali ya mtaa (mtagonga muhuri)
Bibi, Kisarawe